Mpira wa Watoto Wetu si Biashara ya Mnadani

(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Tulipoanzisha mashindano ya vijana, mahitaji yalikuwa machache: mpira, filimbi na uwanja wa shule. Leo pembeni mwa uwanja wanasimama watu wanaojiita mawakala, na baadhi ya wazazi wanamtazama mtoto wa miaka 13 kama shamba linalosubiri kuvunwa.

Hatusemi kwamba mpira haulipi. Mbwana Samatta alitoka Mbagala, akachezea Simba na TP Mazembe, akajiunga na Genk ya Ubelgiji mwaka 2016 na Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020. Kila kijana anaijua safari hiyo. Wachache wanakumbuka kwamba alipokwenda Ulaya alikuwa na miaka 23, mtu mzima.

Mzazi mmoja katika eneo letu aliuza ng'ombe wawili amlipe wakala aliyeahidi majaribio ya nje kwa mwanawe wa miaka 15. Kijana aliacha shule akisubiri safari. Simu ya wakala haikupatikana tena. Tunakiri kwamba sisi wenyewe tulimkaribisha mtu huyo meza kuu siku ya fainali, bila kumwuliza hata kitambulisho. Jambo hilo linatuuma mpaka leo.

Tungejua kanuni, tungemkinga kijana yule. Tangu mwaka 2001 FIFA inakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira. Mwaka 2023 ilirudisha mtihani na leseni kwa mawakala. Aidha, mchezaji anapouzwa kimataifa, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Malezi yana haki yake, lakini haki hiyo haipatikani bila usajili na kumbukumbu.

Hivyo basi, tunaomba kila kamati ifanye mambo matatu. Kwanza, iwe na daftari la wachezaji lenye tarehe za kuzaliwa na shule wanazosoma. Pili, wakala yeyote aonyeshe leseni mbele ya kamati, na mzazi asitoe hata shilingi moja kwa ahadi ya majaribio. Tatu, tusipokee jezi zenye matangazo ya kamari. Msimu uliopita tuliletewa jezi za namna hiyo, tukazikataa. Vijana wakacheza na zile zilizopauka.

Ndugu wafadhili, hapo ndipo tunapowahitaji. Mipira, jezi na posho ndogo ya walimu wa michezo vitazisaidia kamati kusema hapana bila kuwanyima watoto mchezo.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tumlee acheze, asome, na akue kwanza.