Sauti ya Mnyonge: Kumbukumbu ya Marehemu Remmy Ongala

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, Kidahwe)

Nashukuru kupewa nafasi hii kabla hatujafika kwenye ajenda ya mwisho, yaani ombi la vijana wetu wanaotaka mkopo wa kununua vyombo vya muziki. Nimesikia minong'ono. Wako wanaosema kwamba chama cha wakulima hakihusiki na magitaa, na kwamba fedha iliyotokana na jasho la shambani irudi shambani. Hoja hiyo naiheshimu, kwani walioitoa ndio waliobeba chama hiki mabegani katika miaka ya dhiki. Lakini kabla hatujapiga kura, naomba tumkumbuke mwanamuziki mmoja ambaye maisha yake yana somo kwa mwanaushirika.

Marehemu Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mji ulio ukingoni mwa mto Lualaba katika nchi ya Maniema, huko Kongo. Sisi wa mwambao huu hatuhitaji ramani kuijua nchi hiyo. Nendeni Ujiji mkawaulize wazee asili yao. Wengi watawaambia kwamba babu zao walitoka Manyema wakavuka Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo, Remmy alipohamia Tanzania hakuwa mgeni wa kutusumbua masikio. Kiswahili alikuja nacho.

Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mama yake alikwisha kupoteza watoto kabla yake, na kwamba yeye alizaliwa akiwa na meno mawili ya mbele. Wazee waliliona hilo kuwa dalili ya uganga, na ndiyo asili ya watu kumwita Daktari. Alibaki yatima angali kijana. Muziki ukawa ndio shamba lake.

Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi iliyoongozwa na mjomba wake. Baadaye akaingia Matimila, bendi ambayo chini yake ilijulikana kama Super Matimila. Hapo ndipo jina lake lilipoenea nchi nzima.

Ndugu Wajumbe, tujiulize sababu ya kupendwa kwake. Wapiga gitaa hodari walikuwapo wengi. Wengi wetu tulizipenda nyimbo za Kilingala kutoka ng'ambo bila kuelewa maneno. Tuliridhika na mlio wa gitaa. Remmy alileta mlio ule ule, akauwekea maneno ambayo mchukuzi wa gatini, mama muuza dagaa na mkulima wa michikichi waliyaelewa neno kwa neno. Muziki wake aliuita wa ubongo, kwa maana kwamba mtu acheze na huku anafikiri. Aliimba juu ya umaskini, juu ya mauti katika wimbo wa "Kifo", na juu ya dhuluma katika "Mnyonge Hana Haki". Watu wakamwita sauti ya mnyonge.

Wala hakuchagua ukweli ulio mwepesi. Mwaka 1990 alitoa wimbo wa "Mambo kwa Soksi", akiwahimiza watu watumie kondomu ili wajikinge na UKIMWI. Wakati ule jambo hilo lilikuwa aibu kutajwa mbele ya wakwe na watoto, na Radio Tanzania haikuupiga wimbo huo. Hata hivyo ulienea kwa kanda na kwa midomo ya watu. Sisi tuliozika ndugu zetu katika miaka ile, huku tukisema wamekufa kwa kurogwa, tunajua thamani ya mtu aliyethubutu kulitaja gonjwa mbele ya umati. Katibu anayewaeleza wanachama hasara ya mwaka bila kuificha anafanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Sifa zake zilivuka bahari. Mwaka 1988 alikwenda Ulaya na bendi yake katika ziara ya matamasha ya WOMAD, na huko Uingereza zikarekodiwa santuri mbili: moja ilitoka mwaka 1989 kwa jina la Kiingereza lenye maana ya nyimbo za mtu maskini, na nyingine, Mambo, ikatoka mwaka 1992.

Sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu. Katika zama zile, bendi nyingi za Tanzania hazikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, BIMA Lee ya Shirika la Bima. Nyingine zilikuwa za wafanyabiashara. Utaratibu huo ulikuwa na faida yake, kwa kuwa gitaa na vipaza sauti vilikuwa ghali na mwanamuziki hakuwa na uwezo wa kuvinunua peke yake. Lakini aliyetofautiana na mwenye vyombo aliondoka mikono mitupu, pamoja na nyimbo zote alizotunga. Ndiyo sababu mojawapo ya wanamuziki kuhamahama na bendi kuvunjika kila mara. Nyimbo zenyewe zilinakiliwa katika kanda na kuuzwa mitaani, na mtunzi hakupata kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, wakati nyimbo nyingi zilizompa Remmy jina zilikwisha kutawanyika.

Jambo hili nalijua kwa kuonja. Katika miaka ya themanini, mimi na wenzangu sita tulikuwa na bendi ndogo katika kijiji kimoja cha mwambao huu. Vyombo vilikuwa vya mfanyabiashara mmoja ambaye jina lake sitalitaja. Tulipiga kila Jumamosi, ukumbi ukajaa, kiingilio akakusanya yeye. Siku tuliyomwomba atuonyeshe hesabu ya mlangoni, alifunga magitaa na ngoma chumbani na funguo akaiweka mfukoni. Bendi ilikufa usiku ule. Mpiga solo wetu alikuwa na nyimbo zaidi ya kumi alizotunga mwenyewe. Hazikuandikwa, hazikurekodiwa, naye amekwisha kufariki. Leo nazikumbuka mbili tu, tena nusu nusu.

Ndugu Wajumbe, kisa hiki hakina tofauti na kisa cha mkulima aliyepima mazao yake kwenye mizani ya mlanguzi. Babu zetu walianzisha ushirika kwa sababu walitambua kwamba mwenye mizani ndiye mwenye bei. Vivyo hivyo, mwenye gitaa ndiye mwenye bendi.

Kwa hiyo napendekeza ombi la vijana likubaliwe, kwa masharti matatu. Kwanza, wajiandikishe kama kikundi chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kila mmoja atoe mchango wake kwanza, hata uwe mdogo. Pili, vyombo viandikwe kuwa mali ya kikundi chote. Asiwepo mtu wa kuvifungia chumbani, hata kama mtu huyo ni chama chetu, madhali wanalipa deni lao. Tatu, kila wimbo uandikwe katika daftari pamoja na jina la mtunzi na tarehe, na mapato ya mlangoni yasomwe mbele ya wanachama wote.

Remmy Ongala alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Katika miaka yake ya mwisho aliacha dansi, akaimba nyimbo za dini. Alifika katika jiji lile hana shamba wala nyumba. Lakini wananchi, bila kuamriwa na ofisi yoyote, walikipa kituo cha basi jina la Sinza kwa Remmy. Hiyo ni heshima kubwa. Heshima tunayoweza kuiongeza sisi ni kuhakikisha kwamba kijana wa Kidahwe mwenye kipaji kama chake anakuwa na haki katika gitaa analolipiga.