Kipande cha babu na ndiva yetu

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanachama wa tawi la Dar es Salaam katika mkutano wa mwaka)



Nimeombwa nieleze safari ya ukoo wetu ya mwezi Juni, tuliyoifanya kumkumbuka babu yetu mzaa baba, aliyetimiza miaka 25 tangu atutoke. Nimekubali kwa sababu safari ile inahusu jambo lililoko mbele ya mkutano huu, yaani ndiva yetu.

Tulikuwa watu 27 ndani ya Coaster moja ya kukodi. Shangazi mkubwa alikaa mbele karibu na dereva, wajukuu na vitukuu nyuma. Wengine walikuwa hawajuani kabisa. Vijana wawili wanaosoma chuo kimoja hapa Dar walitambulishwa Chalinze, tulipokula mahindi ya kuchoma, kwamba ni mtu na binamu yake.

Hatukwenda moja kwa moja Same. Tuliamua kufuata njia aliyopita babu, lakini kwa kurudi nyuma: Segera, Korogwe, Mombo, Hedaru, ndipo tukapanda mlima. Miaka ya mwanzo ya 1950 babu alishuka milimani, akapanda treni ya reli ya Tanga, akaenda kukata mkonge upande wa Korogwe. Alikuwa manamba. Wazee waliopo hapa wanajua maana ya neno hilo: mtu anaitwa kwa namba.

Tulilala Korogwe, na asubuhi tukaomba ruhusa ya kuingia kwenye shamba moja. Watoto waliona mkonge ulio hai kwa mara ya kwanza, wakachomwa na miiba yake, wakaelewa kwa nini babu alikuwa na makovu mikononi. Mzee mmoja aliyefanya kazi pale alituonyesha ilipokuwa korona, mashine ya kusaga majani na kutoa singa. Mkonge ule uliletwa nchini na Wajerumani mwaka 1893, na baadaye Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa kuuzalisha. Sifa hiyo ilibebwa na migongo ya watu kama babu.

Hapo shangazi akafungua mkebe wa chai aliokuja nao, akatoa kipande cha babu. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi ya siku uliyopangiwa, unawekewa alama. Usipoimaliza, siku hiyo haihesabiwi. Mshahara hutoki mpaka siku 30 zijae. Ilikuwa kadi ya bwana shamba ya kumbana mfanyakazi, na babu hakuipenda. Lakini alijifunza kitu kwayo.

Tulipofika nyumbani, shangazi alitoa kitu cha pili: daftari. Babu alirudi kutoka mkonge wakati nchi inapata Uhuru, akakuta ndiva yetu inavuja. Akanunua saruji kwa akiba yake, na wenzake wakatoa nguvu kwa msaragambo. Yeye ndiye aliyeshika daftari. Kila aliyekuja na jembe aliwekewa alama mbele ya watu wote, na kila Jumamosi orodha ilisomwa kwa sauti. Ile alama ya kipande, iliyokuwa ya kumtisha manamba, babu aliigeuza ikawa haki ya jirani: aliyechimba anajulikana, na zamu yake ya maji haigusiki.

Vijana wetu wa mjini, niwaeleze kidogo. Ndiva ni bwawa la asili yetu. Jioni linafungwa, maji ya kijito yanajaa usiku kucha, asubuhi linafunguliwa yanashuka kwa mfereji, kila shamba kwa zamu yake. Haitumii umeme wala dizeli. Inachotaka ni watu wa kuizibua na watu wa kuaminiana.

Tuliiona ndiva hiyo. Tope limejaa karibu nusu. Maji yanayokusanyika usiku yanaisha kabla ya kufika mashamba ya chini, na wenye mashamba hayo sasa wanasubiri mvua tu. Mama mmoja alituambia kwamba wanawe wawili wameshafuata bodaboda mjini, kwa kuwa bila zamu ya maji shamba halimlishi mtu.

Ndugu zangu, watu wanatutania kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi naona ndani ya utani ule kuna sifa. Mwaka 1945 wazee wetu walikusanyika Same kwa maelfu kuikataa kodi ya mbiru. Walikuwa wameshazoea kulipa kodi. Walichokataa ni kukadiriwa mali zao kwa namna wasiyoiridhia. Mpaka leo ndivyo tulivyo. Mtu wa kwetu hutoa akijua hesabu, na asipoijua hufunga mkoba. Michango ya chama imeshuka, na mimi kwa kazi yangu ya uhasibu nasema hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuitazama.

Kwa hiyo nawasomea hesabu ya safari yetu. Kaya 16 zilichanga shilingi 250,000 kila moja, jumla milioni 4. Gari na mafuta: 1,900,000. Chakula na malazi: 1,250,000. Mengineyo, pamoja na saruji ya kukarabati kaburi: 210,000. Tulitumia 3,360,000, zikabaki 640,000. Kila jioni tulisoma matumizi mbele ya wote, hata watoto. Hakuna aliyenung'unika.

Baki hiyo ukoo umeamua iende kwenye ndiva, nami nimeikabidhi kwa Mweka Hazina leo, na stakabadhi ninayo. Lakini tunaitoa pamoja na ombi. Kuwe na daftari moja la ndiva, nakala moja ikae kwa mzee wa zamu kule nyumbani na nyingine kwa Mweka Hazina. Liandikwe jina la kila mchangaji, kila mfuko wa saruji, na kila mtu aliyekuja msaragambo. Lisomwe kijijini kila mwezi na hapa mjini kila mkutano. Kuliandika na kulikagua nitafanya mimi mwenyewe bila malipo.

Fomu za ahadi ziko katikati ya kijitabu hiki. Asiye na fedha aandike siku atakazokuja na jembe mwezi Desemba, nazo zitahesabiwa vilevile. Mvua za vuli zikianza, tope litaongezeka, basi tusingoje mwaka mwingine.