Usiuzoee Usukani Uliopinda

Mazungumzo na waendesha pikipiki wa nchi ya chai, Kericho na Bomet



Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya jambo linaloonekana kila siku katika barabara zetu, wala watu hawalitilii maanani. Pikipiki imeanguka, mwendeshaji ameinuka salama, amejipangusa matope, ameendelea na safari yake. Lakini tangu siku ile, kila aendapo mbele sawasawa, usukani wake hutazama upande. Gurudumu lafuata njia, usukani waelekea shambani. Ukimwuliza, atakujibu, "Si kitu, nimekwisha kuuzoea."

Neno hilo, "nimeuzoea," ndilo nitakalo tulichunguze pamoja, kwa kuwa laweza kumpoteza mtu.

Jina la boda boda lilianza kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960. Leo kazi hiyo ni ya pikipiki, na hapa kwetu, tangu Kapsoit hata Litein, tangu Silibwet hata Mogogosiek, hapana kijiji kisichoitegemea. Ndiyo impelekayo mama mjamzito hospitali, na mtoto shuleni. Ndiyo ichukuayo magunia ya majani mabichi mpaka kituo cha kununulia chai; na majani mabichi hayangoji, kwa maana yakilundikwa muda mrefu hupata joto na kuharibika. Basi mwenye kuanguka asubuhi huinuka kwa haraka, asiutazame usukani wake mpaka jioni, na jioni huwa amechoka.

Nchi yetu nayo ina masharti yake. Mji wa Kericho uko juu ya bahari kadiri ya mita 2,000, na mvua hunyesha karibu kila mwezi. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni, na njia za mashambani zote ni za kupanda na kushuka. Tena mzigo ukiwekwa nyuma, na pikipiki ikipanda mlima, gurudumu la mbele huwa jepesi na kushika ardhi kidogo. Mahali kama hapo ndipo usukani ulio sawa unapohitajiwa kuliko penginepo.

Aliyezoea usukani uliopinda huendesha kwa kukumbuka. Mkono mmoja umenyoka, wa pili umekunjika, naye amejifunza kwamba upande ndio mbele. Siku ng'ombe atakapotoka ghafula katika majani ya chai, hatakuwa na nafasi ya kukumbuka. Mikono itavuta kule inakodhani ni sawa, na abiria aliye nyuma yake ndiye atakayelipa. Tena kupinda huko kwaweza kuficha uharibifu mkubwa zaidi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tutazame ubaya huu hutokea vipi. Gurudumu la mbele la pikipiki hushikwa na miguu miwili yenye springi, nayo miguu hiyo hushikwa na vibano viwili, kimoja juu na kimoja chini. Pikipiki ianguke ubavu, ncha ya usukani igonge ardhi hali gurudumu limekwama katika mtaro, miguu hujisokota ndani ya vibano. Hapo mara nyingi hapana kitu kilichovunjika. Vitu vimehama tu mahali pake. Ubaya wa namna hii fundi mwangalifu aweza kuutengeneza kwa spana, bila kununua kitu.

Kabla ya kulegeza nati hata moja, chunguza kwanza. Simamisha pikipiki mahali tambarare, injini imezimwa. Simama mbele yake, ubane gurudumu katikati ya magoti, ukatazame kama usukani umekingama sawasawa. Pima kwa kamba kutoka kila ncha ya usukani mpaka katikati ya kiti. Vipimo vikitofautiana hali vibano viko sawa, huenda bomba la usukani lenyewe limepinda, nalo lapaswa kubadilishwa. Kisha inua gurudumu la mbele, ulizungushe karibu na kijiti kilichosimamishwa. Likiyumba, rimu imepinda. Shika miguu chini, uisukume na kuivuta. Ukisikia mgongano, gololi za shingo zimelegea au zimekwisha. Geuza usukani polepole kulia na kushoto. Ukikwama katikati, gololi hizo zimechimba vishimo, nazo hazina dawa ila kubadilishwa.

Usisahau gurudumu la nyuma. Mwenye kukaza mnyororo upande mmoja kuliko wa pili hulielekeza gurudumu hilo upande, na pikipiki huvuta hata kama mbele hapana ubaya. Tandaza uzi kutoka tairi la nyuma mpaka la mbele, kwa pande zote mbili, nawe utaliona kosa kwa macho.

Ikiwa umehakikisha kwamba miguu imesokotwa tu, fanya hivi. Tegemeza pikipiki imara isianguke. Legeza nati ya ekseli ya mbele, boliti za madigadi, na boliti za kibano cha chini. Halafu legeza za juu kidogo sana, miguu isije ikateleza na kutoka mahali pake. Usiondoe hata moja. Bana gurudumu kwa magoti, au liegemeze ukutani, ukageuze usukani kwa upande uliopungua mpaka ukingame sawa. Kaza ekseli. Panda juu, shika breki ya mbele, ubonyeze mara tano au sita, ili miguu ijikalishe. Kisha kaza kibano cha chini, halafu cha juu, na mwisho madigadi. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili, uone kwamba hapana waya uliobanwa wala kuvutwa. Jaribu polepole mahali tambarare, peke yako, na breki uzijaribu kabla hujachukua mtu.

Wenye skuta ndogo, mfano wa zile Vespa zilizoanza kutengenezwa Italia mwaka 1946, wajue kwamba usukani wao aghalabu umefungwa juu ya mhimili mmoja kwa boliti ya kubana. Boliti hiyo ikilegea, usukani hugeuka na gurudumu hubaki. Hulegezwa, usukani ukanyooshwa, ikakazwa imara. Nao waogope mashimo zaidi, kwa sababu gurudumu dogo huzama shimoni kuliko kubwa.

Lakini sikilizeni neno hili la mwisho. Ukilegeza vyote, na usukani usirudi, au ukirudi ukaenda tena upande, miguu imepinda au kibano kina ufa. Hapo spana imekwisha kazi yake. Wako watu watakaotaka kuitia moto na kuigonga nyundo mpaka ionekane imenyoka. Msikubali. Chuma kilichopashwa moto ovyo na kugongwa huweza kupoteza nguvu zake, nacho kitavunjika siku isiyotazamiwa, penginepo katika mteremko, na mtoto wa jirani yupo nyuma. Afadhali kununua mguu mwingine, hata kama ni kazi ya siku nyingi kuupata.

Wakulima nanyi msiwaharakishe. Mwendeshaji akikuambia ameanguka na ataka robo saa kuutazama usukani, mwachie. Gunia moja likichelewa, hasara yake yahesabika. Nanyi abiria, mkiona usukani unaotazama upande, mna haki ya kushuka na kumwuliza mwenyewe kwa adabu, "Ndugu, pikipiki yako ilianguka lini?"