Si kila injini iliyonyamaza ni nzima

Leo ninazungumzia jambo linalozusha ugomvi kila siku katika gereji zetu za pikipiki. Bodaboda imefunguliwa injini, imewekwa pistoni mpya, ringi mpya na gasketi mpya, na mwenye chombo amelipa. Inapigwa kiki, inawaka, kisha unasikika mlio: tik, tik, tik. Mwenye chombo anakunja uso. Fundi anasema, "Itazoea tu." Je, nani tumwamini?

Tuusikilize kwanza mlio wenyewe. Injini nyingi za bodaboda ni za mipigo minne, utaratibu ambao Mjerumani Nikolaus Otto aliufanikisha mwaka 1876. Ndani yake, kamshafti inayofungua valvu huzunguka mara moja wakati krenki inazunguka mara mbili. Kwa hiyo mlio wa valvu ni mwepesi, na huja kwa nusu ya kasi ya injini. Mlio mzito unaogonga kila mzunguko, tena kutoka chini, huenda ni wa pini ya pistoni au konrodi. Huo hauzoei. Zima injini.

Pili, tujue unatoka wapi. Fundi hodari huchukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya injini na mpini sikioni, akapima sehemu moja baada ya nyingine kama daktari. Mlio ukisikika zaidi kwenye kifuniko cha juu, atazame tapeti. Ukiwa ubavuni inapopita cheni ya kamshafti, pengine kikazio cha cheni hakikurudishwa sawasawa. Ukiwa karibu na bomba la moshi, atafute masizi kwenye maungio, maana moshi unaovuja nao hulia tik-tik, hasa injini ikiwa baridi. Pistoni iliyolegea pia hulia zaidi wakati wa baridi, hivyo masizi ndiyo shahidi.

Asisahau oili. Gundi ikipakwa kwa wingi kwenye gasketi huweza kuziba tundu la oili, na kamshafti ikazunguka kavu.

Sasa nije kwenye hatari yenyewe. Tapeti huachiwa nafasi ndogo, ambayo katika nyingi za injini hizi ni kati ya milimita 0.05 na 0.10. Hupimwa kwa fila, injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefunga. Nafasi hiyo ndiyo inayotoa mlio mdogo wa kawaida. Lakini mteja anataka kimya, na fundi aliyechoka na lawama anakaza tapeti mpaka kimya kinapatikana. Wote wanafurahi. Chombo kikipata moto, valvu hurefuka, nafasi haipo, nayo haifungi barabara. Moto wa silinda hupenya pembeni mwake na kuiunguza. Nguvu inapungua, na injini inafunguliwa upya kwa fedha nyingine.

Wapo pia wanaotia oili nzito ili kelele ipungue. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ndugu wasikilizaji, huu si mchezo. Kijana mwenye chombo cha mkataba anatakiwa kupeleka hesabu, injini iwe nzima au iwe mbovu. Siku anazokaa gereji ni siku za njaa nyumbani kwake. Tena injini ikikwama ghafla katikati ya mwendo, gurudumu la nyuma huweza kufunga, na nyuma ya dereva amekaa mama na mtoto wake.

Kwa hiyo mwenye chombo asidai kimya, adai kipimo. Amwambie fundi, "Nionyeshe fila inavyopita." Fundi naye aache neno "itazoea". Ataje nafasi aliyoiacha, na amkabidhi mteja vipuri vya zamani avione kwa macho yake. Fundi anayesema, "Mlio huu mdogo ni halali yake, usiuguse," huyo anastahili kulipwa kama yule aliyebadilisha pistoni, kwa sababu ameiokoa valvu.