Niende, lakini nipite kwa mulango

Maneno ya dada yetu mmoja, mwanafunzi wa Goma, mbele ya vijana wa Butembo, 2025



Waliniomba niongee juu ya kusoma inje ya inchi, sababu wanajua niko na ile ndoto. Sitaficha. Ndiyo, nataka kwenda. Najua kuna wenye watasema: kila siku unatuambia tubadilishe Kongo, halafu weye mwenyewe unatafuta viza? Acheni niwaeleze.

Nimesoma jeolojia Goma. Niliichagua mbele ya 2021, lakini nilielewa sababu yake tarehe 22 Mei 2021. Ilikuwa siku ya posho, magaribi. Mbingu ikakuwa nyekundu, watu wakaanza kukimbia na magodoro ku kichwa, wengine mupakani, wengine Sake. Hakuna mutu alituonya mapema. Moto wa Nyiragongo ulisimama Buhene, karibu ya kiwanja cha ndege. Mwaka 2002 ulikuwa umepita katikati ya muji. Ile usiku nilijiuliza: huu mulima uko wetu, sisi njo tunakufa nao, mbona wenye kuusoma ni wachache hivi kati yetu?

Kwa hiyo nataka kusoma volkano, na kuisoma vizuri. Ramani na mawe mengi ya inchi yetu, yenye yalikusanywa tangu wakati wa ukoloni, iko Tervuren, Ubelgiji. Fikirieni kidogo: mutoto wa Goma anaomba viza ili aende kuangalia mawe ya kwao.

Mwaka 2024 iniversite moja ya kule ilinikubali. Siku barua ilifika, kwetu tuliimba. Nililelewa katika Kizito-Anuarite, basi hata wadogo wa kikundi walikuja kuombea safari. Ilibaki pasiporti.

Munajua historia ya pasiporti yetu. Tangu 2015 ilikuwa dola 185, mpaka vijana na wanainchi wengine wakapiga makelele. Mwaka 2020 ikashuka 99. Lakini kuna bei ingine, ile ya mulangoni, yenye haiandikwe popote. Katika ofisi moja, mutumishi alifungua dosye yangu, akaangalia, akaifunga. Akaniambia polepole: «Hii dosye inakauka. Ilete mafuta kidogo.» Mafuta, ni kusema dola makumi tano, bila karatasi ya malipo.

Nilirudi nyumbani. Mama yangu anauza unga ya muhogo sokoni Virunga. Alikuwa na zile franga, zilikuwa za mukopo wa likelemba yao. Aliziweka ku meza, akaniambia: «Mama, toa tu. Mungu anaona hali yetu.»

Sitaki mufikiri kama ilikuwa rahisi. Sikulala. Ile usiku nilimukumbuka Floribert Bwana Chui. Mutoto wa Goma, alisoma sheria, alifanya kazi ku OCC, ofisi yenye kupima vitu vinavyoingia mu inchi. Walimuletea makuta ili aache chakula kilichooza kipite. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 walimuteka, wakamuua, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimutangaza Mwenye heri, kule Roma, na sisi tukafurahi sana. Lakini mimi najiuliza: tunafurahi juu ya nini, kama siku yetu ikifika tunatoa matabishi na kusema Mungu anaelewa?

Nilirudishia mama franga zake. Kisha nikarudi ku ofisi, nikauliza karatasi yenye kuonyesha bei ya serikali. Mutumishi alicheka. Nikarudi tena, na tena. Mwezi wa tisa masomo ikaanza Ubelgiji, mimi bado niko ku foleni Goma. Mwezi wa kwanza 2025, vita ikaingia mu muji. Kiwanja cha ndege kikafungwa, banki zikafungwa. Sisi tulizunguka kupitia Uganda, tukaingia kwa Kasindi, njo tukafika kwenu hapa Butembo, na mulitupokea. Dosye yangu, sijui iko wapi.

Basi nilikosa. Nawaambia hivi wazi, sababu sipendi mikutano yenye wenye haki wanashinda kila mara. Kuna rafiki yangu alitoa ile dola makumi tano, leo yuko anasoma. Simuhukumu. Hata mama yangu, sijamuhukumu hata siku moja. Mwenye makosa ya kwanza ni yule anayekalia haki ya raia na kuiuza, na wakubwa wenye wanamuacha bila mushahara wa kutosha halafu wanapeleka watoto wao kusoma Ulaya. Wale watoto hawajue foleni ni nini.

Lakini kitu kimoja nimekiona. Kama ninaingia Ulaya kwa matabishi, nitarudi na diplome yenye ilianza kwa matabishi. Na siku nitakaa nyuma ya meza, mutu akiniletea dosye, nitamuangalia mukono.

Muzee Munzihirwa, askofu mukuu wa Bukavu, alisoma Leuven, Ubelgiji. Alirudi. Mwaka 1971, wakati Mobutu alipeleka wanafunzi wa Kinshasa jeshini kwa nguvu, yeye alikuwa padri, hakuna aliyemulazimisha. Aliomba mwenyewe avae zile nguo pamoja nao. Na tarehe 29 Oktoba 1996, vita ilipoingia Bukavu, hakuacha watu wake. Aliuawa pale pale mu muji. Kumbe mutu anaweza kwenda mbali, asome, na abaki wetu.

Kwa hiyo naanza tena. Nimeandika tena ku iniversite. Nimeanza dosye mupya. Na hata pasiporti ikipatikana, sisi wa mashariki kuomba viza ni kupanda ndege mpaka Kinshasa. Ni safari ndefu, lakini naanza.

Niko na maombi matatu.

La kwanza, kwa serikali: bei ya kila karatasi ibandikwe ku mulango wa kila ofisi, na kila franga itoke na karatasi ya malipo. Hatuombe zawadi. Pasiporti ni haki.

La pili, kwenu mwenye mutaenda: mukiona mutu anawauzia bursi, mukimbie. Bursi ya kweli, kama zile za ARES za Ubelgiji, haiombi franga ili mutu aweke dosye. Wengi wameuza hata kiwanja cha wazazi juu ya barua ya bongo.

La tatu, kwetu wote: tusiende ku ofisi mumoja mumoja. Mutu akienda peke yake, wanamuchosha. Nilipokuwa Goma nilienda peke yangu, na hilo ni kosa langu. Hapa Butembo tuko tayari kumi na mmoja wenye kutafuta makaratasi. Tutaenda pamoja, na kila mumoja wetu ataandika siku, saa, na kile aliombwa.

Mama aliniuliza jana: «Safari hii wakikuomba tena, utafanya je?» Nikamujibu: «Mama, nitauliza karatasi ya malipo.» Alinyamaza, kisha akasema: «Basi nitakusindikiza.»

Siku ya kwanza ya juma, saa mbili asubuhi, tutakutana mbele ya kanisa. Mwenye yuko na dosye, alete. Mwenye hana, alete miguu.