Mashine ya Gemu Iliyotoka kwa Fundi Bila Picha

(Maelezo kwa watumiaji wa bidhaa na huduma, Mwanza)



Miongoni mwa vifaa vya zamani ambavyo bado vinathaminiwa majumbani na katika vibanda vya gemu ni ile mashine inayochomekwa kaseti ya plastiki. Asili yake ni Famicom, iliyotolewa na Nintendo nchini Japani mwaka 1983, na nyingi zilizotufikia huku ni nakala zake kutoka viwanda vingine. Famicom ilibuniwa ipeleke picha kwa njia ya tundu la antena, nawe ukaitafuta kwenye televisheni kama unavyotafuta kituo. Kuzimwa kwa mitambo ya analojia, kulikofika Mwanza mwaka 2013, hakukuigusa, kwa kuwa mashine yenyewe ndiyo mtambo wake mdogo. Kilichoisumbua ni televisheni bapa, ambazo mara nyingi haziipati chaneli yake, au huionyesha kwa chenga tupu. Ndipo mwenye mashine humwendea fundi amwekee nyaya mpya: ya njano kwa picha, nyeupe kwa sauti.

Kazi hiyo si kubwa. Fundi huchukua picha kwenye chipu inayoitengeneza, huipitisha katika transista moja na vipuri vichache, kisha huitoa kwenye tundu la njano. Lakini ni kazi ya kuchomea waya juu ya ubao wenye umri wa miaka thelathini au zaidi, na mara nyingine mashine iliyoingia ikiwa na chenga hutoka bila picha kabisa. Mwenye kibanda anayelipwa kwa kila mchezo hupoteza riziki ya siku. Mtu wa Nansio hupoteza zaidi, kwa sababu kumrudia fundi mjini ni safari ya kuvuka ziwa, na nauli ya kwenda na kurudi mara mbili huweza kuipita bei ya matengenezo. Kwa hiyo tunashauri uchunguzi ufanyike kwa utaratibu, na kabla ya yote bila kufungua kitu.

Swali la kwanza ni hili: mashine imekufa, au picha pekee ndiyo iliyopotea? Chomeka kaseti, washa, ongeza sauti ya televisheni. Ukisikia muziki wa gemu, na ukibonyeza kitufe cha kuanza sauti ikabadilika, mashine ni nzima. Hitilafu basi iko katika njia ya picha, yaani waya, tundu, mpangilio wa televisheni au vile vipuri alivyoongeza fundi, na aghalabu hilo hurekebishika. Tunalisisitiza kwa sababu watu hukubali upesi kuambiwa kwamba mashine imeungua na haifai tena, wakaiacha kwa bei ya chuma chakavu ilhali ilikuwa ikiimba.

Kisha itazame televisheni kabla ya kumlaumu fundi. Televisheni nyingi za siku hizi hazina tundu la njano peke yake: limeunganishwa na la kijani, na waya wa njano huchomekwa hapo. Nyingine zina kitundu kimoja chembamba kinachohitaji waya wake maalumu, na nyaya hizo hazifanani kwa mpangilio, hata picha ikaweza kupita katika kichwa chekundu. Kubadilishana vichwa hivyo hakudhuru kitu. Ukisikia mngurumo mzito kwenye spika badala ya muziki, huenda picha imeingia mahali pa sauti.

Picha ikija bila rangi, usiseme bado kwamba kazi imeharibika. Mashine iliyotoka Japani hutoa rangi kwa mfumo wa NTSC, na televisheni za kwetu zilijengwa kwa mfumo wa PAL. Televisheni isiyoujua mfumo ule itaonyesha nyeusi na nyeupe, au picha itakayokuwa ikipanda na kushuka. Ingia kwenye mipangilio, tafuta mfumo wa rangi, uweke kwenye AUTO au NTSC. Pia kuna televisheni bapa zinazoikataa kabisa picha ya mashine hizi na kuandika kwamba hakuna mawimbi. Azima televisheni ya chogo ya jirani yenye tundu la njano ujaribu huko. Picha ikitokea, kazi ya fundi ni sahihi, na kilichobaki ni suala la televisheni yako.

Ikiwa hakuna sauti wala picha, anza na kaseti. Unyevu wa pwani ya ziwa hula meno yake ya shaba, na vumbi pamoja na wadudu wadogo huingia kwenye mdomo wa mashine. Pangusa meno hayo kwa kitambaa chenye spiriti, yaache yakauke, ujaribu tena, na ujaribu kaseti nyingine. Kupuliza kwa mdomo, desturi tuliyokua nayo wengi, huongeza unyevu tu.

Adapta nayo isomwe kabla ya kuchomekwa. Ile ya Japani ilitengenezwa kwa umeme wa volti 100, na soketi zetu ni za volti 230. Adapta ya kubahatisha inaweza kuingia vizuri kwenye tundu huku chanya na hasi zake zikiwa zimegeuzwa. Mchoro mdogo wa duara wenye alama hizo mbili, ulio juu ya adapta, ulingane na ule wa mashine.

Zipo dalili zinazotaka uzime mara moja: harufu ya kuungua, mashine kupata joto lisilo la kawaida kwa dakika chache, au taa kufifia au mashine kuzimika unapochomeka waya wa njano. Hiyo ya mwisho yaelekea kuonyesha kwamba waya mpya umegusana na usikopaswa. Usiendelee kujaribu. Wala televisheni ya chogo isifunguliwe nyumbani kwa sababu yoyote. Ndani yake mna umeme ambao katika nyingi za rangi hupita volti 20,000, na huweza kubaki humo hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Ikidhihirika kwamba tatizo limo ndani, rudi kwa fundi yuleyule kwanza. Tunajua ushauri huu hauwapendezi waliokasirika. Fundi wa pili akishaifungua mashine na kung'oa alichokiweka wa kwanza, hakuna atakayeweza kuthibitisha nani aliharibu nini. Kabla ya kurudi, piga picha za mashine, za kioo cha televisheni na za nyaya, na andika tarehe na kiasi ulicholipa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamtaka mtoa huduma aifanye kazi yake kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, na udogo wa kibanda haumwondolei wajibu huo. Asiporekebisha, lalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani likiwa na risiti, au walau karatasi iliyoandikwa kwa mkono yenye jina la fundi, kazi iliyokubaliwa na malipo. Karatasi hiyo iombwe siku ya kukabidhi mashine, kwa kuwa siku ya ugomvi haipatikani.

Na kwa anayejiandaa kupeleka mashine kwa mara ya kwanza: nenda na kaseti yako, adapta yako na waya wako. Mwombe fundi aiwashe mbele yako kabla hajaifungua, ili nyote wawili muone ilivyokuwa. Akimaliza, aiwashe tena mezani pake, icheze kwa robo saa hadi ipate joto, kwa kuwa waya uliochomewa vibaya hutoa picha nzuri ikiwa baridi na kuipoteza baadaye. Vipuri alivyovitoa uvichukue ndani ya bahasha. Kisha ulipe salio, upande meli.