Kupima Mvua Nyumbani

(Maneno haya yalisemwa na mkulima mmoja wa Ukambani katika mkutano wa wakulima wenzake.)



Nimeombwa niwaeleze habari za kile kipimo cha mvua kilichoko uani kwangu. Najua wako wanaokiita chungu cha mganga. Lakini hakina uganga wo wote. Ni mkebe wenye faneli juu na chupa ndani. Mdomo wake umeinuliwa sentimita 30 kutoka ardhini, ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie.

Kila siku saa tatu asubuhi huyamimina maji katika bilauri yenye alama, nikaandika milimita. Milimita moja ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Basi mvua ya milimita 20 huleta katika ekari moja lita zaidi ya 80,000. Mke wangu, aliyekuwa akinicheka, aliposikia hesabu hiyo aliacha kucheka.

Siku isiyo na mvua huandika sifuri. Ukiacha nafasi tupu, baadaye hakuna ajuaye kama mvua haikunyesha au wewe ulikuwa safarini.

Nilianza mwaka 1996. Mwaka uliofuata ikaja mvua ile ya El Niño, chupa ikafurika, na mkebe wa nje ukayapokea maji yaliyozidi. Kazi yenyewe si ngeni duniani. Huko Uingereza George Symons alianza mwaka 1860 kukusanya vipimo vya watu wa kawaida, na alipofariki mwaka 1900 wapimaji wake walikuwa wamepita 3,000.

Sasa nitawaambia kosa langu. Kwa miaka kadhaa daftari langu lilionyesha kwamba mvua ya vuli, ambayo ndiyo tegemeo letu hapa, inapungua. Nikalisema jambo hilo barazani. Jirani yangu akaniamini, akaacha mahindi, akapanda mtama shamba zima. Vuli ile mvua ikanyesha vizuri. Wengine wakavuna mahindi, na mtama wake ukaliwa na ndege.

Alikuja kwangu asubuhi, wala hakugomba. Alikitazama kipimo kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Bwana, mwembe huu ulipoanza kupima ulikuwa na urefu gani?"

Nilishikwa na haya. Mwembe huo niliupanda mwenyewe, hatua nne tu upande wa mashariki, na mvua yetu ya vuli huletwa na upepo wa huko. Kanuni ni kwamba mti usimame mbali na kipimo angalau mara mbili ya urefu wake. Mvua haikupungua, mwembe ndio uliokuwa ukiikinga.

Sikuzifuta hesabu za zamani. Niliweka kipimo cha pili mahali peupe, na kwa miaka miwili nikavisoma vyote viwili ili nijue tofauti yao. Nikaandika daftarini habari za mwembe, mwaka niliopanda na mwaka nilipogundua kosa.

Siku hizi nikisafiri, jirani yule ndiye anisomeaye kipimo. Juzi ameniuliza tena apande nini vuli hii. Nimemfunulia madaftari yote, nikaanza na ukurasa wa mwembe.